Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Kuikumbuka Barcelona 1971

Waheshimiwa wanachama, wazee wetu mliosafiri kutoka Nairobi na Nakuru, pamoja na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika.

Katika mkutano mkuu uliopita kijana mmoja alisimama akauliza kama ni kweli kwamba timu ya Kenya ya mpira wa magongo iliwahi kuwa ya nne duniani, ama ni masimulizi ya wazee wanaoutamani ujana wao. Swali lile liliuma, na ndilo lililowafanya mniagize kwamba kamati ipunguze mabonanza ya mwaka huu na ielekeze nguvu zake katika kukusanya habari za Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, lililochezwa Barcelona, Uhispania, kuanzia tarehe 15 hadi 24 Oktoba 1971. Jibu la kijana wetu ni kwamba ni kweli, na taarifa hii inaeleza tulivyolithibitisha, pamoja na yale tuliyojifunza tukiwa katika kazi hiyo.

Wazo la kombe hilo lilitoka Pakistan, kwa Nur Khan, mkuu wa zamani wa jeshi la anga aliyeuongoza pia mpira wa magongo nchini mwake, akisaidiana na Patrick Rowley, mhariri wa kwanza wa jarida la shirikisho la kimataifa. Mpaka wakati huo Olimpiki ndiyo iliyokuwa kipimo pekee cha ubora wa mataifa katika mchezo wetu, na mataifa yaliyolazimika kungoja miaka minne kukutana yalikuwa na kiu ya mashindano yao wenyewe. Pakistan ilitoa kombe, la fedha na dhahabu, lenye tufe la dunia na juu yake gongo na mpira, na ndiyo iliyopangiwa kuwa mwenyeji. Lakini mwaka 1971 ulikuwa mwaka wa vita vya Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, na zaidi ya hayo walikuwapo Wapakistani walioandamana ili timu ya India isikanyage ardhi yao. Shirikisho likaamua kuyahamishia mashindano Barcelona, katika viwanja vya Real Club de Polo. Nayaeleza haya kwa sababu vijana wetu wengi huchukulia kwamba kombe lilizaliwa Ulaya.

Timu zilikuwa kumi, zikagawanywa makundi mawili ya timu tano. Kenya ilipangwa na India, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Argentina. India iliongoza kundi, na Kenya ikashika nafasi ya pili, maana yake ni kwamba Ujerumani Magharibi iliachwa nyuma yetu. Ninawaomba wanachama wasilipite jambo hili haraka, kwani haukupita hata mwaka mzima kabla ya Ujerumani Magharibi kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Munich. Tunapowasimulia watoto wetu habari za Barcelona, huwa tunaanzia kwenye nusu fainali. Kwa maoni yangu nafasi ile ya pili katika kundi ndiyo kazi kubwa zaidi iliyofanywa na kikosi kile.

Katika kundi la pili Pakistan ilikaribia kabisa kuaga. Ilifungwa na wenyeji, ikatoka sare na Uholanzi, na kufuzu kwake kukabaki mikononi mwa Japani, timu ambayo hakuna aliyeitarajia kuwafunga Waholanzi. Japani ikawafunga. Pakistan ikaingia nusu fainali, ikaishinda India 2–1, kisha tarehe 24 Oktoba ikaifunga Uhispania 1–0 katika fainali kwa bao la Akhtarul Islam na kuwa bingwa wa kwanza wa dunia. Mfungaji bora wa mashindano alikuwa Tanvir Dar, pia wa Pakistan.

Nusu fainali yetu ilikuwa dhidi ya wenyeji, mbele ya mashabiki wao, na tulipoteza kwa bao moja bila jibu. Ndipo ukaja mchezo wa kuwania nafasi ya tatu, dhidi ya India kwa mara ya pili katika mashindano hayohayo, na hapa ninawajibika kurekebisha kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nimesimama katika hafla za chama hiki na kusema kwamba India ilitufunga 2–0. Si hivyo. Ilitufunga 2–1, tena baada ya muda wa ziada. India hiyo, iliyokuwa imekwisha kutwaa medali saba za dhahabu za Olimpiki tangu 1928, haikuweza kuishinda Kenya katika dakika 70 za kawaida. Nimesikitika kwamba nilizipunguzia heshima juhudi za watu wale kwa uzembe wa kutohakiki, nami nawaomba radhi wanachama wote, hasa jamaa za wachezaji.

Kamati ilitaka pia kuelewa timu ile ilitoka wapi, kwa sababu timu haizuki. Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 huko Melbourne, na mpira wa magongo ulikuwa miongoni mwa michezo iliyotuwakilisha. Rome mwaka 1960 tulikuwa wa saba. Tokyo mwaka 1964, miezi michache kabla ya uhuru wetu kutimiza mwaka mmoja, tulikuwa wa sita. Mexico mwaka 1968 tulikuwa wa nane. Wengi wa wachezaji wa miaka hiyo walikuwa Wakenya wenye asili ya Kihindi, hasa Masingasinga na Wagoa, waliolelewa na shule zao na klabu zao, kama vile Sikh Union na Goan Institute za Nairobi, ambako mtoto alishika gongo akimtazama baba yake na ami zake wakicheza jioni baada ya kazi. Avtar Singh Sohal, ambaye mashabiki walimwita Tari, alicheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, na katika tatu za mwisho alikuwa nahodha. Mtu mmoja kuliongoza taifa katika Olimpiki tatu ni jambo adimu katika mchezo wowote.

Kuhusu sababu za kushuka kwetu baada ya Barcelona, mjadala katika vikao vya kamati ulikuwa mkali, na sitauficha. Wako wanaoshikilia kwamba yote yalitokana na kuhama kwa Wahindi, baada ya sheria zetu za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967, na baada ya Uingereza kufunga mlango wake mapema mwaka 1968 huku maelfu wakikimbilia kuingia kabla haujafungwa. Sikatai kwamba klabu zilipoteza watu, na klabu ikipoteza wazazi hupoteza pia watoto. Munich mwaka 1972 tulishuka hadi nafasi ya 13, na katika Kombe la Dunia la pili, huko Amstelveen, Uholanzi, mwaka 1973, tulikuwa wa mwisho kati ya timu 12. Hata hivyo, naamini kilichotuvunja kabisa ni mambo mawili yaliyokutana mwaka 1976. Kenya iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, uamuzi ambao kwa haki na utu ninauunga mkono hadi leo. Na ni Montreal hiyohiyo ambako mpira wa magongo wa Olimpiki ulichezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia. Ufundi wa wachezaji wetu, wa kiwiko na kifundo cha mkono, wa kuulainisha mpira unaorukaruka juu ya nyasi za kawaida, ulipoteza thamani upesi, na uwanja wa aina mpya uligharimu fedha ambazo klabu za kwetu hazikuwa nazo. Mwaka 1980 tukasusia tena, safari hii Moscow. Wenzetu wa Tanzania walikwenda huko wakajaza nafasi iliyoachwa wazi, wakafungwa na India 18–0, na wanachama wetu kutoka Dar es Salaam wamenifundisha mwaka huu kulitaja jambo hilo kwa heshima, maana vijana wale walisimama uwanjani mpaka filimbi ya mwisho.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Tumerekodi sauti za wazee kadhaa waliocheza au kuamua mechi katika miaka ya sitini na sabini. Mmoja wao, mwamuzi wa zamani, alifariki dunia wiki chache baada ya mazungumzo yetu. Familia yake imetukabidhi filimbi yake, nasi tunamwombea pumziko jema. Tumetembelea shule ambako tulionyesha vijana jinsi kona fupi, yaani pigo la adhabu wanalopewa washambuliaji karibu na goli, ilivyopigwa enzi zile, mchezaji mmoja akiusimamisha mpira kwa mkono ili mwenzake aupige, jambo ambalo kanuni za leo hazimruhusu. Vijana walilipenda mno, na mwalimu mmoja alitueleza kwamba wiki nzima iliyofuata hawakucheza mchezo mwingine wakati wa mapumziko.

Hasara tuliyoipata ni ya picha. Tuliarifiwa kwamba ofisi moja ilikuwa na sanduku la picha za timu za zamani, tukaandika barua, tukafuatilia kwa simu, na tulipofika tukaambiwa kwamba sanduku lilitupwa wakati wa kupaka rangi. Hakuna aliyelifanya kwa nia mbaya, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu ambao bado ninao.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja mbili mbele yenu. Ya kwanza ni kwamba sehemu ya ada ya mwaka ujao itengwe kwa ajili ya kunakili picha na vipande vya magazeti vilivyomo majumbani mwetu, mwenye mali akabaki na mali yake na chama kikabaki na nakala. Ya pili ni kwamba wazee waliosalia wa kizazi cha Barcelona warekodiwe kabla ya mwezi wa sita, na kazi nyingine zote zingoje. Mweka hazina atawasomea makadirio ya gharama, kisha tutapiga kura kwa kuinua mikono.