Nge wa Jumamosi tunamsoma, wa angani hatumjui

Mhariri salaam,

Mimi msomaji wenu wa huku Mikindani, gazeti nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo, na leo nina ombi. Kila Jumamosi mnatoa ule ukurasa wa nyota, Nge atashika hela, Mizani ajihadhari na marafiki, na mke wangu ambaye ni Nge haukosi hata mara moja. Sasa juzi umeme ukakatika kwenye saa tatu usiku, tukatoka na mkeka uani, mwezi hakuna, nikamwambia haya Nge wako yule pale juu ya paa la jiko. Akabisha! Miaka yote anasomewa habari za Nge na hajawahi kumuona. Nikamuonyesha ile nyota nyekundu ndo moyo, halafu fuata mkia unavyojikunja kuelekea kusini, akanyamaza, mdogo wangu ambaye ni mvuvi akadakia hamna nge hapo, hiyo ndoano. Na kweli, ukishaambiwa ndoano huoni tena nge.

Mwezi huu wa saba ndo wenyewe, kusi inavuma, mvua hakuna, na Nge yuko karibu na utosi.

Mimi nimeanza mwaka jana tu na nilianza vibaya, video ya kwenye simu ikasema tafuta kwanza nyota ya kaskazini, nikakodoa macho siku mbili kumbe sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, ile haichomozi kwetu kabisa. Huku unaanza na Msalaba wa Kusini, mwezi wa tano saa tatu usiku umesimama wima, pembeni yake nyota mbili kali, na ile iliyo mbali zaidi na msalaba ndo jirani yetu, mwanga wake unasafiri miaka minne na ushee kutufikia. Darubini sio lazima, weka simu mfukoni, kaa gizani kama nusu saa macho yazoee basi.

Halafu kuna Kilimia, kile kishada cha nyota sita, jina lenyewe la kulima. Sasa hivi kinatoka kama saa tisa usiku, wavuvi ndo wanakiona, ila mwezi wa kumi na moja kinachomoza baharini giza likiingia tu, na huku kwetu hapo watu wanasubiri mvua za kwanza. Na kiko kwenye mwili wa yule Ng'ombe wenu wa Jumamosi, mlikuwa mnajua?

Ule ukurasa msiutoe, nyumbani kwangu hapatakalika, ila kateni robo tu mtuwekee kila mwezi nyota gani inaonekana, saa ngapi, upande gani, na iwe kwa anga la huku sio la Ulaya. Tarehe 13 kuamkia 14 mwezi wa kumi na mbili huwa kuna vimondo vingi, mwaka jana nimevikosa nimelala. Na Mashuke bado sijampata vizuri, jirani yangu ndo nyota yake, kila jioni ananiuliza.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara