Picha za bodi ziangaliwe hadi kwenye skrubu

Mhariri,

Mafundi umeme wa Unguja na Pemba wanaoonyeshana picha za bodi zao, yaani masanduku ya kugawia umeme yenye breka (swichi za kinga), wanafanya jambo jema, ila sifa nyingi huishia kwenye nyaya zilizonyooka. Tuangalie skrubu. Waya wa milimita mraba 2.5 umenywe plastiki kiasi cha kuingia kwenye tundu la breka tu, shaba isichungulie nje wala plastiki isibanwe. Ukishakaza, uvute kwa mkono. Kiungio kilicholegea hupata moto, na kwa upepo wetu wa chumvi shaba huota kutu ya kijani upesi, joto likazidi. Tena nyaya zisikazwe kama mzigo wa kuni, zikikosa hewa hazipoi. Na waya wa njano-kijani, jamani, ni wa ardhi tu, hata rangi nyingine zikiisha.

Fundi umeme,
Chake Chake, Pemba