Dizeli si nafuu kwa kila mwenye Prado

Mhariri,

Wanaotafuta gari la Toyota Prado hapa Mwanza huambiwa dizeli ndiyo nafuu, basi. Inategemea. Tuseme injini ya dizeli, 1KD, inakula lita 10 kwa kilomita 100 na ya petroli, 2TR, lita 13: kwa kilomita 1,000 unaokoa lita 30 tu. Nozeli nne za 1KD, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zikifa, akiba yote imekwenda kuzibadilisha. Kimojawapo kinachoziua ni maji, hasa kwenye dizeli ya madumu inayouzwa mialoni, kando ya ziwa. Kuyatoa, legeza koki chini ya filta ya dizeli, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, funga, kisha piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Mkanda wa taimingi wa 1KD, unaozungusha vali za injini kwa wakati wake, nao una kikomo cha kubadilishwa, kilomita 150,000. 2TR inatumia cheni badala ya mkanda. Anayekwenda mbali, Geita, kila siku achukue dizeli. Wa safari fupi, Pasiansi hadi mjini? Petroli.

Msomaji,
Mwanza