Mada ya Jumamosi: Bonde la Mto Colorado

Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi tunahamia magharibi mwa Marekani. Kabla hatujakutana, naomba kila mtu afungue ramani atafute Lees Ferry, Arizona. Karibu na hapo ndipo mkataba wa 1922 wa kugawana maji ya mto huo ulipoligawa bonde, la juu na la chini, kwa majimbo 7. Walioandika mkataba walipiga hesabu ya mgao kwa vipimo vya miaka ya mvua nyingi, basi maji ya kwenye karatasi yakazidi ya mtoni. (Meksiko nayo ikasubiri mgao wake hadi 1944!) Nitaanza na mvumbuzi John Wesley Powell, aliyeshuka Grand Canyon, korongo kubwa la mto huu, kwa mashua mwaka 1869 akiwa na mkono mmoja. Mwenye picha ya ule utepe mweupe kwenye miamba ya Ziwa Mead (bwawa kubwa la mto huu), maji yalipokuwa yakifika zamani, aitume humu leo.