Kivuli kimoja, majina mawili

Moshi,
12 Agosti

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako kutoka Arusha nimeipata, pamoja na zile kurasa mbili za Kiingereza ulizoniomba nizipitie kabla hujaenda kwenye usaili wa kuongoza watalii. Sarufi yako si mbaya. Kinachokuangusha ni majina, hasa pale ambapo Kiswahili kimeridhika na neno moja, nao Waingereza wakaona wanahitaji mawili.

Umeandika kwamba wageni walipumzika kwenye "shadow" ya mti. Hapo ulitaka "shade", yaani mahali pasipofikiwa na jua, pale tunapokimbilia mchana. Ndiyo ambayo migomba ya kihambani huipatia mibuni, na kwa kawaida haihesabiki. "Shadow" ni umbo linalochorwa na kitu kilichozuia mwanga: lina kingo, linahesabika, na humfuata mwenyewe kila aendako. Siku utakapofika alfajiri juu Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, jua likichomoza upande wa Mawenzi, kilele cha mashariki, geuka utazame magharibi, nawe utaona pembetatu kubwa ya rangi ya samawati iliyokolea imelala juu ya mawingu. Hiyo ni "shadow" ya mlima mzima, na ukishaiona mara moja hutachanganya tena.

"Mguu" ulinitia aibu mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza mlimani, mgeni mmoja aliniambia kwamba "foot" inamuuma, nami nikapiga redio kambini kusema ameumia "leg". Wakapanda watu wanne na machela, wakihema, wakamkuta ameketi juu ya jiwe anakunywa chai, ana lengelenge kisiginoni. "Foot" ni kuanzia kifundo kwenda chini, yaani kile kinachoingia kwenye kiatu. "Leg" hushuka kutoka nyongani hadi kwenye kifundo hicho. "Hand" na "arm" nazo ni vivyo hivyo, mpaka wake ukiwa kifundo cha mkono.

Kuhusu kilele, mlima mmoja waweza kuwa na "peak" kadhaa, lakini "summit" ni pale juu kabisa. Mawenzi, yenye mita 5,149, ni "peak". "Summit" ya Kilimanjaro ni Uhuru, huko Kibo, mita 5,895. Kipimo hicho kiite "altitude", kwa kuwa huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Ukisema "height", mgeni anaweza kudhani mlima umeinuka mita zote hizo kutoka hapa mjini, wakati Moshi yenyewe tayari iko zaidi ya mita 800.

"Kodi" ni rahisi: ya mwenye nyumba ni "rent", ya serikali ni "tax".

Limebaki neno letu wenyewe. Waingereza wamelichukua "safari", lakini wamelibana hadi likabaki kwa kutazama wanyama, na zamani kwa kuwawinda. Mwendo wa kutoka hapa hadi pale wao huuita "journey". Kwenda na kurudi ni "trip". "Travel" ni kusafiri kwa jumla, wala usiiwekee "a" mbele. Kwa hiyo pale ulipoandika kwamba ulikuwa na "safari" ya kwenda Same kwenye msiba wa shangazi, badilisha leo hii, la sivyo msaili atakuuliza uliona simba wangapi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa Moshi.