Masaa mawili ya kunyonyesha siyo hisani

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimesoma chuo cha ufundi cha VETA, sasa hivi nipo kwenye saiti moja nje kidogo ya mji hapa Tanga, wanaume wapo kama 40 na wanawake tupo wawili tu, mimi na binti mmoja wa umeme. Kazi siogopi. Kulala chali chini ya bomba nachomelea cheche zinadondoka kifuani nafanya, na wenzangu mkono wangu wanaujua.

Shida imeanza niliporudi toka likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84, ukizaa mapacha 100. Siku 84 ni wiki 12 tu, na kliniki manesi wanatuambia kila siku mtoto asipewe kitu zaidi ya maziwa ya mama mpaka atimize miezi 6, hata maji asipewe, sasa hiyo miezi 3 iliyobaki anyonye nini wakati mama yake yupo saiti toka saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni?

Kumbe sheria hiyohiyo imeliona, kifungu cha 33 kinasema mwajiri amruhusu anayenyonyesha akanyonyeshe ndani ya muda wa kazi, yasizidi masaa 2 kwa siku. Nikamwonyesha fomeni kwenye simu, akasoma taratibu kabisa, halafu akaniambia dada, hapo wameandika yasizidi, kwahiyo hata dakika 10 siyo kosa. Akanipa 15.

Dakika 15 za nini jamani? Nikishavua glavu na ile aproni ya ngozi nikanawa masizi na vumbi la chuma, mana siwezi kumshika mtoto na mikono ile, zimeisha. Nyumbani Mikanjuni kwenda na kurudi na bodaboda ni karibu saa zima. Mama yangu akawa anamleta na bajaji mpaka getini, nanyonyesha nimekalia ndoo ya rangi chini ya mkungu, mzee wa getini, Mungu ambariki, anageuka anaangalia barabarani. Siku ya tatu wakakataza eti usalama.

Basi nikaanza kukamua kwenye stoo ya nondo, mlango hauna komeo, yule binti wa umeme anasimama nje ananilindia, na joto la huku mnalijua wenyewe, saa 7 mchana ndani ya bati. Pa kuyahifadhi hakuna kwahiyo nayamwaga kwenye kokoto. Siku ya kwanza niliyaangalia yanavyozama nikalia, mana nyumbani najua mwanangu anapewa uji mwepesi kabla ya muda wake. Siku ambazo kazi imebana sitoki kabisa, ovaroli inalowa mpaka tumboni na wenzangu wanadhani jasho.

Wapo wanaonishauri nitafute kazi ya kike. Hii kazi ndo inalipa kodi ya chumba na ada ya mkubwa wangu, na nimeisomea, siiachi. Na wanaonishauri hivo wake zao wananyonyesha pia.

Ninachoomba ni maafisa kazi wanaokuja kukagua saiti wasiishie kuangalia helmeti na buti, waulize na wanaonyonyesha wapo wangapi na wanaenda saa ngapi. Na kile kifungu kirekebishwe kiseme masaa 2 kamili, siyo yasizidi. Na tupate chumba chenye maji, sabuni na friji ndogo. Mwenzangu wa umeme naye ana mimba ya miezi 7. Bati chakavu zipo zimelala pale saiti, wakiruhusu tu mlango na komeo nachomelea mwenyewe Jumapili, bure.

Mama fundi,
Mikanjuni, Tanga