Barua kwa shangazi: hadithi ile haikukatwa

Shikamoo shangazi,

Mjukuu wako atakusomea haya kwenye simu. Mwambie asiruke mistari.

Ile siku ya mvua, wewe ukisuka ukili, mimi nikikusomea na kufasiri hadithi ya mzee Mrusi na farasi wake, nilipofika mwisho uliniuliza, "Ndiyo basi?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Huyo kaikata. Hadithi haikatwi, inamalizwa." Nikanyamaza. Jibu limenijia wiki tatu baadaye, na ni refu kidogo.

Hadithi zako ni kweli humalizwa. Ukishaitikiwa "pakawa", unakaa juu yake kama mtu wa darini: unamwona sungura, unamwona fisi, unajua nani ataozwa nani. Hakuna anayekuficha kitu.

Sasa mtazame Chekhov, huyo Mrusi aliyeitunga ile tuliyosoma, daktari aliyekuwa akiandikia magazeti. Hadithi hiyo, "Huzuni", ni ya mwaka 1886. Iona Potapov anaendesha gari la farasi mjini Saint Petersburg, na wiki hiyo hiyo amefiwa na mwanawe. Anampakia mwanajeshi, anamwambia. Mwanajeshi anauliza kijana alikufa na nini, kisha anafumba macho. Anawapakia vijana watatu kwa kopeki 20, yaani senti za Kirusi, matusi juu. Anawaambia. Mmoja anamjibu, sote tutakufa, haya twende. Bawabu anamwambia asogee hapo. Dereva mwenzake anaamka kunywa maji, anajifunika gubigubi, analala.

Shuleni tulifundishwa kuwa takriri ni neno kurudiwa; unapigia mstari, unapata alama. Hapa kinachorudiwa ni watu kukosa masikio, na kila mara masikio yanazidi kupungua. Chekhov mwenyewe hatuambii "maskini mzee". Amesimama ng'ambo ya barabara, kwenye theluji, anatazama tu.

Yuko Mmarekani, Edgar Allan Poe, aliyeandika mwaka 1842 kwamba hadithi ya aina hii isomwe kwa kikao kimoja. Kama vile amewahi kukaa barazani kwako kati ya isha na usingizi! Mwaka uliofuata akatoa ya mtu aliyemuua mzee kwa sababu ya jicho lake tu, akamficha chini ya mbao za sakafu. Yeye hakai ng'ambo. Anaingia kinywani mwa muuaji na kutumia nafsi ya kwanza: mimi si mwendawazimu, sikilizeni nilivyofanya kwa utaratibu. Kila anavyoapa ndivyo tunavyozidi kujua kuwa akili imemruka. Polisi watatu wanakuja, wanaketi, wanapiga soga. Yeye kiti chake anakiweka juu ya maiti pale pale. Kisha anasikia moyo unadunda, sentensi zinakatika kama pumzi za mtu anayekimbia, mpaka anajitaja mwenyewe kwa kelele.

Nilipowaweka hawa wawili pamoja ndipo nilipoona. Wote wana neno limewakaa kooni. Wa Chekhov analitaka litoke na hana wa kumpokea. Wa Poe analificha, wapokeaji wameketi mbele yake na wala hawamuulizi, naye analitapika. Nikiwa kijana Poe alininyima usingizi. Siku hizi kelele zake zinanichosha kidogo. Namchagua Iona.

Na hilo la kukatwa. Pale mwishoni, Iona alipomwambia farasi wake, tuseme ulikuwa na mtoto, akafa, si ungeumia? mikono yako ilisita kwenye ukili. Niliiona. Asubuhi, chai haijaiva, ukaniuliza kama yule mzee alirudi barabarani, na kama farasi alipata chochote zaidi ya zile nyasi kavu.

Shangazi, tangu lini ukaniuliza asubuhi sungura kaamkaje?